Rufaida al-Aslamiyya (r.a.): Hema la Majeruhi Ndani ya Msikiti wa Mtume



Ndugu msomaji, jina la Rufaida hutajwa kila panapozungumzwa uuguzi katika Uislamu. Lakini wengi wetu tukiulizwa alifanya nini hasa, tunasema alikuwa muuguzi wa kwanza, kisha tunanyamaza. Katika toleo hili tumeona tumtazame kwa utulivu, kwa sababu miongoni mwetu wamo wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanaofunga vidonda kila siku, na wamo pia wanaoiona kazi hiyo kuwa ya chini, hasa kwa binti wa Kiislamu. Makundi yote mawili yana la kujifunza kwa mwanamke huyu.

Nasaba yake

Rufaida anatokana na kabila la Aslam, ndiyo maana akaitwa al-Aslamiyya. Aslam ni tawi la Khuza'a, na makazi yao yalikuwa kwenye njia ya misafara kati ya Makka na Madina. Uislamu uliwafikia mapema: Buraida bin al-Husaib, mmoja wa watu wa kabila hilo, alisilimu wakati Mtume (s.a.w.) akiwa njiani kuhamia Madina.

Waandishi wa sira wamempa Rufaida mistari michache, lakini ni mistari mizito. Ibn Is-haq amemtaja katika habari za vita vya Handaki. Imam Bukhari amepokea habari yake katika kitabu chake cha al-Adab al-Mufrad, kwa njia ya Mahmud bin Labid. Ibn Saad, katika Tabaqat, amesimulia habari hiyo hiyo ya hema na majeruhi kwa jina la Ku'aiba bint Saad al-Aslamiyya, akasema kuwa alitoa kiapo cha utii baada ya Hijra. Kabila ni lile lile, hema ni lile lile, na mgonjwa ni yule yule. Kwa hiyo baadhi ya wanazuoni wameona huenda ni mwanamke mmoja aliyejulikana kwa majina mawili.

Vidonda vya Uhud

Ili tuielewe kazi ya Rufaida, tuanze na hali ya matibabu ya majeraha katika Madina ya wakati ule. Hapakuwa na hospitali. Aliyejeruhiwa alirudishwa nyumbani kwao, akauguzwa na mama, mke au dada. Asiyekuwa na jamaa mjini, na wahamiaji wengi walikuwa hivyo, alitegemea huruma ya majirani.

Mwaka wa 3 Hijria, katika vita vya Uhud, Mtume (s.a.w.) alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika na kofia yake ya chuma ikapasuka kichwani. Sahl bin Saad amesimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba Ali (r.a.) alileta maji kwa ngao yake naye Fatma (r.a.) akaliosha jeraha. Fatma akaona kwamba kila maji yakimiminwa damu inazidi. Hapo akachukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa majivu, akayagandisha juu ya jeraha. Damu ikasimama.

Tuitazame hadithi hiyo kwa jicho la muuguzi. Kwanza jeraha lilioshwa. Pili, aliyeosha alikuwa anatazama kinachotokea chini ya mkono wake. Tatu, alipoona njia ya kwanza haifai aliiacha, akatafuta nyingine kwa kile alichokuwa nacho. Mpaka leo wodini, kuchagua cha kuweka juu ya kidonda kunaanzia hapo hapo.

Siku hiyo hiyo alikuwapo Nusaiba bint Kaab, maarufu kama Ummu Umara (r.a.). Mwanawe Abdullah alipojeruhiwa, mama alimjia akiwa na vitambaa alivyovifunga kiunoni, alivyokuwa ameviandaa mapema kwa ajili ya majeraha. Akamfunga, akamwambia ainuke arudi vitani. Yeye mwenyewe alitoka Uhud na jeraha la bega lililomchukua karibu mwaka mzima kupona. Ar-Rubayyi' bint Muawwidh alikuwa akitoka na jeshi kuwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi, na Ummu Atiyya alitoka katika vita saba, akipika na kuuguza. Rufaida hakuwa peke yake. Alikuwa mmoja wa wanawake waliojua kazi, na jambo lililomtofautisha ni lile hema.

Mshale wa Handaki

Mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627, makabila yaliungana yakaja Madina na watu wapatao 10,000. Waislamu walikuwa kama 3,000. Kwa shauri la Salman al-Farisi (r.a.) likachimbwa handaki upande wa mji uliokuwa wazi, na maadui wakakwama nje kwa siku zaidi ya ishirini. Mapigano ya ana kwa ana yalikuwa machache, lakini mishale ilirushwa.

Mshale mmoja, uliorushwa na Hibban bin al-Ariqa, ulimpata Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa Aus katika Answari. Ulimchoma mkononi, kwenye mshipa ambao Waarabu waliuita akhal, ule ule ambao leo wauguzi hutolea damu ya vipimo kwenye kiwiko. Damu ikatoka nyingi. Saad akamuomba Mwenyezi Mungu kwamba ikiwa bado kuna vita na Makureshi ambayo Mtume atapigana, basi ambakishe. Na ikiwa vita hivyo vimekwisha, basi alifanye jeraha hilo kuwa njia ya shahada yake.

Saad hakuwa mtu asiye na jamaa. Alikuwa na kabila zima nyuma yake na nyumba ya kumlaza. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) aliamuru apelekwe kwenye hema la Rufaida, lililokuwa limesimamishwa ndani ya msikiti, ili awe karibu aweze kumtembelea. Ibn Is-haq ameeleza kuwa Rufaida alikuwa akiwatibu majeruhi na kujitolea nafsi yake kuwahudumia Waislamu waliokuwa hawana wa kuwaangalia. Hakulipwa, alitarajia thawabu kwa Mola wake. Kwa hiyo kiongozi wa Aus alilazwa mahali walipokuwa wakilazwa wasio na mtu.

Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba msikitini palikuwa na hema la watu wa Bani Ghifar. Ibn Hajar, katika Fat-h al-Bari, ameileta kauli ya Ibn Is-haq kwamba hema ni la Rufaida al-Aslamiyya, akaona kuwa huenda alikuwa na mume wa Bani Ghifar. Hivyo ndivyo wanazuoni wetu walivyofanya kazi: hata mahali pa hema la muuguzi palikuwa ni jambo la kuhakikiwa.

Siku za hema

Katika hema hilo jeraha la Saad lilihudumiwa kwa kilicho bora katika zama zile. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alilichoma jeraha hilo kwa chuma cha mshale kilichotiwa moto ili kuzuia damu. Mkono ukavimba. Akalichoma mara ya pili. Tunajua kutoka hadithi nyingine kwamba Mtume hakupenda umma wake ukimbilie kuchoma kwa moto. Wanazuoni wameunganisha hadithi hizo kwa kusema kuwa karaha ni pale pasipo haja, na pale damu inapokataa kusimama, haja imepatikana. Tiba ilichaguliwa kwa hali ya jeraha lenyewe.

Riwaya ya al-Adab al-Mufrad inatuonyesha jambo jingine. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita kwa Saad jioni na kumuuliza ameshindaje, na akipita asubuhi humuuliza ameamkaje, naye Saad humweleza. Mara mbili kwa siku, bila kukosa, katika siku ambazo mji mzima ulikuwa na mambo mengi. Atakayeingia wodini leo atawakuta wauguzi wakipokezana zamu asubuhi na jioni, wakielezana kila mgonjwa ameamkaje na ameshindaje.

Saad alitoka hemani mara moja. Mzingiro ulipokwisha alipandishwa juu ya punda, akawekewa mto wa ngozi, akapelekwa kutoa hukumu katika suala la Bani Quraidha. Kisha akarudishwa. Baada ya hapo jeraha lake likafumuka. Waliokuwa msikitini hawakushtuka ila pale walipoona damu inatiririka kuwafikia. Walipoifuata wakamkuta Saad anavuja damu, na kwa jeraha hilo akafariki, akiwa na umri wa miaka 37. Dua yake ilikuwa imejibiwa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Arshi ya Mwingi wa Rehema ilitikisika kwa kifo chake.

Hapa pana faraja kwa dada na kaka zetu walioko hospitalini. Mgonjwa mashuhuri kuliko wote wa Rufaida alikufa. Alihudumiwa vizuri, alikuwa karibu na Mtume mwenyewe, na bado ajali yake ilifika. Waandishi wa sira hawakumlaumu Rufaida kwa neno hata moja. Muuguzi ana amana ya kufanya kazi yake kwa ujuzi na ikhlasi. Uhai na mauti viko mikononi mwa Allah.

Khaybar na baada yake

Mwaka wa 7 Hijria jeshi lilitoka kwenda Khaybar. Wanawake waliomba ruhusa watoke wakawatibu majeruhi na kusaidia kwa kadiri ya uwezo wao, na Mtume (s.a.w.) akawaruhusu. Ibn Saad anataja kuwa mwanamke wa Aslam mwenye hema la msikitini alihudhuria Khaybar, na kwamba alipewa fungu sawa na la mwanamume. Wanawake wengine waliotoka walipewa zawadi katika ngawira. Huduma ya majeruhi ilihesabiwa kuwa sehemu ya jihadi yenyewe, na aliyeifanya akapewa haki yake mbele ya watu.

Karne zilizofuata zilijenga juu ya msingi huo. Nuruddin Zengi alijenga bimaristan yake Damascus mwaka 1154, na Sultan Qalawun akajenga ya kwake Cairo mwaka 1284, nyumba kubwa za wagonjwa zilizoendeshwa kwa wakfu. Florence Nightingale, ambaye dunia inamtaja kuwa mama wa uuguzi wa kisasa, alifika Istanbul mwaka 1854 kuwauguza askari, zaidi ya miaka 1,200 baada ya vita vya Handaki. Hatusemi hivi kwa kushindana. Kazi yake ilikuwa kubwa na tunanufaika nayo. Tunasema ili binti wa Kiislamu anayevaa sare ya uuguzi ajue kwamba hakuazima heshima hiyo kwa mtu.

Je, kumfuata Rufaida ni kufanya nini?

Swali hili ndilo lililotusukuma kuandika. Wako watu wanaosikia hadithi ya mkeka wa Fatma au ya asali, wakadhani kuifuata sunna ni kuchukua majivu ya jikoni au asali ya sokoni na kuyapaka kwenye kidonda. Katika mitaa yetu bado vidonda vinatiwa majivu, samadi, mafuta ya taa na unga wa kahawa. Wadudu wa pepopunda wanaishi katika udongo na samadi, na kitovu cha mtoto mchanga kilichopakwa vitu hivyo ni mlango wao. Mtoto anaweza kufa kwa jambo alilofanyiwa kwa mapenzi.

Fatma alichukua kilichopatikana uwanjani, dakika ile, kuzuia damu iliyokuwa inatoka. Leo mtu akivuja damu kwa ajali ya pikipiki, kilicho karibu na bora ni kitambaa safi na mkono unaokandamiza bila kuachia mpaka afike hospitali. Asali nayo ina shifaa kwa mujibu wa Qur'ani, hatuna shaka. Lakini asali inayotumiwa hospitalini juu ya vidonda husafishwa kwa mionzi ili kuua mbegu za wadudu, wakati ile ya chupa ya sokoni inaweza kuwa nazo. Kuijua tofauti hiyo ni katika kuiheshimu neema yenyewe.

Basi muuguzi anayemfuata Rufaida huanza kwa kukitazama kidonda. Hukiosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, au maji safi yasipopatikana hayo. Halafu hujiuliza kidonda kinataka nini. Kikiwa kinatoa maji mengi, hutafuta kifungio kinachofyonza, kama vile vya sponji au vile vinavyotengenezwa kwa mwani wa baharini, kwa sababu maji yakituama ngozi ya pembeni inalainika na kuoza. Kikiwa kikavu na kina nyama changa nyekundu, hukihifadhia unyevu, kwa mfano kwa shashi yenye vaselini. Tangu utafiti wa George Winter wa mwaka 1962 imejulikana kwamba kidonda kilichohifadhiwa unyevu hujifunika ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Shashi kavu iliyobandikwa juu ya nyama changa hushikana nayo, na ikivutwa asubuhi inang'oa kile ambacho mwili ulijenga usiku kucha. Aliyekwisha kuibandika aimwagie maji kwanza, asubiri ilainike, ndipo aiondoe taratibu. Mgonjwa ni ndugu yako, anaumia.

Kidonda chenye usaha, harufu, joto na uvimbe kinadai daktari aitwe, maana kubadilisha kitambaa peke yake hakutatosha. Kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari huenda hakiumi kabisa, kwa hiyo asiulizwe tu, unyayo wake utazamwe. Na kidonda cha mgongoni cha mtu aliyelala muda mrefu hakiponi kwa kifungio chochote duniani ikiwa mgonjwa hageuzwi. Katika hospitali nyingi za kwetu ndugu hutumwa duka la dawa kununua shashi na plasta. Muuguzi mwenye amana hamwandikii maskini kifungio cha bei kubwa pale ambapo cha bei ndogo kinatosha, wala hambani kifungio kinachohitajika kwa uvivu wa kueleza. Na kama Nusaiba, huandaa vitambaa vyake kabla majeruhi hajafika.

Suala la stara

Baki swali linaloulizwa sana katika vikao vyetu: vipi mwanamke amguse mwanamume asiyekuwa maharimu wake? Imam Bukhari, katika mlango wa jihadi wa Sahihi yake, ameweka mlango maalumu wa wanawake kuwatibu majeruhi vitani. Saad hakuwa maharimu wa Rufaida, na aliyempeleka kwake ni Mtume (s.a.w.). Wanazuoni wamejenga juu ya hapo kwamba haja inaruhusu, na kwamba ruhusa ina mpaka wa haja yenyewe: hufunuliwa mahali pa jeraha, pengine pakasitiriwa, na anayeweza kuhudumiwa na wa jinsia yake bila madhara ahudumiwe na huyo. Vazi la stara la dada halimzuii kufunga kidonda. Na kaka anayedhani uuguzi ni kazi ya wanawake amkumbuke Ali, aliyekuwa anamimina maji kwa ngao.

Hitimisho

Ndugu zangu, Rufaida hakuacha kitabu, wala jeshi, wala mali. Aliacha mfano wa hema moja ndani ya nyumba ya Allah, lililowekwa mahali ambapo kila aendaye kuswali angepita na kumuona mgonjwa. Jumuiya yetu ina wanafunzi wa sheria, ualimu, biashara na dini. Tukitoka Ijumaa tupite wodini, tuwaulize wasio na jamaa wameamkaje, na tukiweza tuache pakiti ya shashi na glovu kwa wauguzi. Wanaosomea kazi hiyo tuwaheshimu, na wao wenyewe wasome kwa bidii, maana mkono usio na elimu huumiza hata ukiwa na huruma.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amridhie Rufaida na maswahaba wote, awaponye wagonjwa wetu, na aifanye mikono ya wauguzi wetu kuwa sababu ya shifaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.